Jina Chini ya Picha: Sura za Waimbaji wa Opera Katika Chapa za Mawe na Kumbukumbu za Waimbaji Wetu

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi yamesemwa mengi kuhusu maneno ya nyimbo, na kwa kiasi fulani kuhusu midundo yake. Machache yamesemwa kuhusu mtu aliyeziimba: jina lake, sura yake, mahali alipozaliwa na siku aliyoimba. Makala hii inakusudia kulitazama suala hilo kwa kupitia mlango ambao huenda ukamshangaza msomaji, yaani picha za waimbaji wa opera zilizochapwa Ulaya katika karne ya 19 kwa ufundi wa chapa za mawe.

Msomaji wa Fizi au wa Baraka ana haki ya kuuliza: opera na Ubwari wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba waimbaji wale walikuwa na msiba uleule unaowapata waimbaji wetu. Kabla ya Thomas Edison kuonyesha fonografu yake mwaka 1877, hapakuwa na chombo chochote duniani cha kuinasa sauti na kuirudisha. Mwimbaji alipomaliza kuimba, sauti yake ilikwisha palepale. Hata hivyo, majina ya baadhi ya waimbaji wa Paris, Vienna na London wa miaka ya 1830 yanajulikana mpaka leo, wakati waimbaji wa ziwa letu wa miaka iyo hiyo hatuwajui. Ni kitu gani kilichowahifadhi wale?

Jibu la haraka ni kwamba walichorwa. Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Sura peke yake haimhifadhi mtu. Kilichowahifadhi ni mstari wa maandishi uliowekwa chini ya sura.

2.0 Istilahi na asili yake

Ufundi tunaouzungumzia huitwa lithografia, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: lithos, yaani jiwe, na graphein, yaani kuandika au kuchora. Katika makala hii tutatumia istilahi chapa ya mawe, kwa sababu inajieleza yenyewe. Neno chapa limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na safari ya neno hilo inalingana na safari ya ufundi wenyewe. Katika karne ya 19 mitambo ya chapa za mawe ilienea sana Bombay na miji mingine ya huko, na vitabu vingi vya hati za Kiarabu na Kiajemi vilichapwa kwa njia hiyo. Sababu yake ni nyepesi. Hati za Kiarabu huungana na kupindana, na ni kazi ngumu kuzikata vipande vipande vya risasi. Lakini mwandishi mwenye mkono mzuri anaweza kuziandika kwa kalamu, na jiwe likazitoa kama alivyoziandika.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliingia katika chapa za mawe kwa upande wa picha. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyesafiri katika pwani hiyo kati ya mwaka 1846 na 1848, alitoa huko Paris maelezo ya safari yake pamoja na albamu ya chapa za mawe. Ndani yake mna mandhari ya miji na sura za watu, na baadhi yake zilichorwa kwa kufuata picha za awali kabisa za kamera zilizopigwa katika safari hiyo. Kwa hiyo jiwe lililochapa nyuso za waimbaji wa Ulaya halikuwa mbali sana na nyuso za watu wa Zanzibar.

Neno opera tunaliacha kama lilivyo. Maana yake ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa, badala ya kusemwa, huku kundi la wapiga ala likiwasindikiza waimbaji. Mwimbaji wa opera, basi, ni mwimbaji na mwigizaji kwa pamoja. Hili ni muhimu, kwa sababu picha zake nyingi humwonyesha katika mavazi ya mhusika fulani wa tamthilia.

3.0 Jinsi jiwe linavyochapa

Chapa ya mawe ilizaliwa mikononi mwa mtu wa jukwaa. Alois Senefelder, aliyezaliwa Prague mwaka 1771, alikuwa mtunzi wa tamthilia aliyeishi Munich. Alitafuta njia ya kuchapa kazi zake kwa gharama ndogo, na kati ya miaka ya 1796 na 1798 akagundua njia ya kutumia jiwe la chokaa la Bavaria, hasa lile la Solnhofen, lenye uso laini na chembe ndogo sana. Miongoni mwa kazi za kwanza alizochapa, akishirikiana na mwanamuziki Franz Gleissner, zilikuwa nota za muziki. Hivyo tamthilia na muziki vilikuwapo tangu siku za mwanzo za ufundi huu.

Msingi wake ni jambo ambalo kila mpishi analijua: maji na mafuta havichanganyiki. Mchoraji husugua jiwe mpaka liwe sawasawa, kisha huchora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Baada ya hapo fundi hupaka mchanganyiko wa asidi kidogo na gundi ya mgunga, ile iitwayo gundi ya Kiarabu. Mchanganyiko huo hulifanya jiwe lipokee maji mahali pasipochorwa na kupokea mafuta mahali palipochorwa. Jiwe likiloweshwa na kisha kupitishiwa wino wenye mafuta, wino hushika kwenye mchoro tu na kukataliwa na sehemu yenye maji. Karatasi huwekwa juu, hukandamizwa kwa mtambo, na picha hutoka ikiwa imegeuzwa upande: kilichokuwa kulia huonekana kushoto.

Ufundi huu ulileta faida mbili. Kwanza, mchoraji alichora moja kwa moja kwa mkono wake, wala hakuhitaji fundi wa kuchonga shaba au mbao baada yake. Kwa hiyo ulaini wa shavu na kivuli cha jicho vilibaki kama alivyovikusudia. Pili, jiwe moja liliweza kutoa mamia ya nakala, hata maelfu, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati aliimudu.

Jambo la tatu halitajwi mara nyingi, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Sura na maandishi havikuwekwa jiweni kwa pamoja. Mchoraji alimaliza sura kwanza. Maandishi ya chini, ambayo yalipaswa kuandikwa kinyumenyume ili yasomeke yakishachapwa, mara nyingi yaliongezwa baadaye na fundi mwingine aliyebobea katika herufi. Nakala chache za kwanza zilitolewa kabla ya herufi kuwekwa, na wakusanyaji wa picha walizipenda kwa sababu wino wake ulikuwa mpya na safi. Kwa mkusanyaji, basi, nakala isiyo na jina ilikuwa na thamani kubwa. Kwa mwanahistoria mambo ni kinyume chake.

4.0 Nyuso za sauti

Kati ya mwaka 1820 na 1860, karibu kila mji mkubwa wa Ulaya wenye jumba la opera ulikuwa na wachoraji wa chapa za mawe. Paris ilikuwa na Henri Grévedon na Achille Devéria. Vienna ilikuwa na Josef Kriehuber, aliyezaliwa mwaka 1800 na kufariki mwaka 1876, ambaye anahesabiwa kuwa alichora takriban sura 3,000. Watu wake walikuwa wa kila namna: wafalme, majenerali, wanasayansi, watunzi wa muziki na waimbaji. Picha zilitundikwa madirishani mwa maduka, zikanunuliwa na kuwekwa katika albamu za nyumbani, na nyingine zilichapwa kwenye majalada ya nota za nyimbo.

Tumtazame mwimbaji mmoja. María Felicia García alizaliwa Paris mwaka 1808 katika ukoo wa waimbaji kutoka Hispania. Aliolewa na mfanyabiashara aitwaye Malibran, ndoa haikudumu, lakini jina lilidumu: dunia inamfahamu kama Maria Malibran. Aliimba Paris, London, New York na miji ya Italia. Mwaka 1836 alianguka kutoka juu ya farasi, akaendelea kuimba akiwa na maumivu, na mwezi Septemba mwaka huohuo akafariki Manchester akiwa na umri wa miaka 28. Sauti yake haikunaswa na chombo chochote. Kilichobaki ni maelezo ya waliomsikia pamoja na picha, zikiwemo za Grévedon.

Picha hizo zikiwekwa pamoja, mtu hupatwa na mshangao. Hazifanani. Katika moja uso ni mrefu, katika nyingine ni wa duara. Macho ya huku ni makubwa, ya kule ni ya kawaida. Kila mchoraji alifuata mtindo wa wakati wake, na kila mmoja alijua kupendezesha. Lau si maandishi ya chini, nani angeweza kuapa kwamba wote hawa ni mtu mmoja? Hapa ndipo tunapoiona kazi halisi ya mstari ule. Sura ilimvutia mnunuzi. Jina ndilo lililomthibitisha mwimbaji.

Maandishi hayo yalikuwa na utaratibu wake. Kwa kawaida yalitaja jina la mwimbaji, mara nyingi kama lilivyojulikana jukwaani. Yaliweza kutaja pia mhusika aliyeigizwa na jumba la tamthilia. Kwa herufi ndogo zaidi yalitaja jina la mchoraji, jina la mchapaji na mahali pa kazi yake. Wakati mwingine yaliongezwa na saini ya mwimbaji mwenyewe, kwa kuwa jiwe liliweza kupokea mwandiko wa mkono bila kuubadilisha. Karatasi moja ilikuwa ushahidi wa watu watatu: aliyeimba, aliyechora na aliyechapa.

Serikali nazo zilikuwa na mkono wake. Nchini Ufaransa, kwa amri ya mwaka 1817, wachapaji wa mawe waliwekwa chini ya sheria iliyowataka kutangaza kazi zao na kukabidhi nakala. Lengo la amri hiyo lilikuwa kuzuia picha za uchochezi, wala si kuwaenzi waimbaji. Lakini matokeo yake ni kwamba picha ziliingia katika hazina ya taifa zikiwa na majina na anwani, na leo mtafiti anaweza kuzitafuta kwa jina la aliyeimba. Askari alitaka kumjua mchapaji. Mwanahistoria akarithi faili.

Baadaye jina lilianza kutembea mbele ya sauti. Jenny Lind, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1820, alikwenda Marekani mwaka 1850 kwa mkataba na P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho. Watu wengi wa New York walikuwa hawajawahi kumsikia. Kabla na baada ya kushuka melini, magazeti yalimwandika, na chapa za mawe, zikiwemo za karakana ya Nathaniel Currier, zilieneza sura yake. Jina lake lilibandikwa hata kwenye vitu visivyo na uhusiano wowote na uimbaji, kama vile viti na glavu. Jina lilikuwa limepata nguvu ya kuuza peke yake.

Mwishoni mwa zama hizo alikuwapo Adelina Patti, aliyezaliwa mwaka 1843. Katika ujana wake alichorwa kama waliomtangulia. Mwaka 1905 na 1906, akiwa amevuka miaka 60, alirekodiwa nyumbani kwake Wales. Tangu hapo sauti ikapata chombo chake, na jina likahamia kutoka chini ya picha hadi katikati ya santuri.

5.0 Picha iliyopoteza jina

Ili kuona uzito wa maandishi hayo, tutazame mfano wa picha iliyotengwa nayo. Mfano huu umefika mpaka Kongo yetu.

Katika miaka ya 1880 karakana ya Adolph Friedländer mjini Hamburg, iliyokuwa mashuhuri kwa mabango ya rangi ya sarakasi na maonyesho, ilichapa picha ya mwanamke aliyecheza na nyoka jukwaani. Hakuwa mwimbaji wa opera, lakini alikuwa msanii wa jukwaa, na picha yake ilichapwa kwa ufundi uleule wa jiwe, ila kwa rangi nyingi. Nywele zake ni nyingi na zimetawanyika, na nyoka mkubwa amemzunguka. Watafiti humtaja kwa jina la jukwaani, Maladamatjaute.

Picha hiyo ilisafiri. Kufikia mwaka 1901 ilikuwa imefika katika delta ya Mto Niger, kwa maana kinyago kilichopigwa picha huko Bonny mwaka huo kinafuata umbo lake waziwazi. Mwaka 1955 ilichapwa upya Bombay na kampuni ya Shree Ram Calendar, kwa ajili ya soko la Afrika. Lakini karatasi ilisafiri bila habari za mwenye sura. Waliomwona hawakumwona msanii wa Hamburg. Walimwona roho wa majini, na katika nchi nyingi za Afrika Magharibi wakamwita Mami Wata.

Katika maeneo ya Kongo yanayosema Kiswahili, roho huyo ana jina lake: mamba muntu. Tukiliangalia kwa jicho la isimu, tunaona kwamba sehemu ya kwanza ni jina la mnyama wa majini, na sehemu ya pili ni umbo la Kibantu ambalo Kiswahili sanifu kinalitamka mtu. Katika miaka ya 1970 mamba muntu alikuwa miongoni mwa mada zilizopendwa sana na wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Walimchora nusu mwanamke na nusu samaki, mara nyingi pamoja na nyoka, na watu walimtundika ukutani sebuleni.

Hatusemi kwamba imani ya roho wa majini ilitoka Hamburg. Wakazi wa maziwa na mito walikuwa na masimulizi yao kabla jiwe la kwanza halijapakwa wino. Tunachosema ni kwamba sura ya mwanamke aliyekuwa hai, aliyefanya kazi ya jukwaani na kulipwa mshahara, iliingia katika masimulizi hayo na yeye mwenyewe akatoweka. Sanaa ilipata utajiri. Kumbukumbu ya mtu ilipotea. Hiki ndicho kipimo cha thamani ya mstari mmoja wa maandishi.

6.0 Mwaka 1858

Sasa turudi kwetu, na tuchukue mwaka mmoja tu uwe kioo.

Mwezi Aprili 1858 Richard Burton na John Speke waliondoka Ujiji kwa mitumbwi kuelekea Uvira, wakipitia rasi ya Ubwari. Ghuba iliyo kati ya rasi hiyo na bara, ambako Baraka ipo, ilikuja kuitwa katika ramani Ghuba ya Burton. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860 Burton anaeleza jinsi wapiga makasia walivyoimba: mmoja akianzisha, wengine wakiitikia. Hakuvutiwa na nyimbo hizo, naye anasema hivyo bila kificho. Kwa msomaji wa leo maelezo hayo ni ushahidi adimu kwamba uimbaji wa kuitikizana ulikuwapo ziwani wakati huo. Hata hivyo, aliyeanzisha wimbo anabaki kuwa mpiga kasia tu. Jina la msafiri limo katika ramani. Jina la mwimbaji halimo hata katika tanbihi.

Mwaka huohuo, katika visiwa vya kaskazini vya Uswahilini, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wa kumwusia binti yake. Katika beti za mwisho alitaja jina lake, mahali alipozaliwa, yaani Pate, na mwaka wa utunzi, yaani 1275 wa Hijra, ambao unalingana na 1858. Desturi hii si yake peke yake. Watunzi wengi wa tenzi walifunga kazi zao kwa namna hiyo.

Jina, mahali, mwaka: hivi ndivyo alivyoandika fundi wa herufi wa Paris chini ya sura ya Malibran. Mwana Kupona hakuhitaji jiwe wala karakana. Aliweka maandishi ya chini ndani ya utenzi wenyewe, ili yeyote atakayeunakili amnakili na yeye. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kumtaja msanii ni desturi ya kigeni tunayoletewa na vyuo vikuu. Ni desturi iliyomo katika fasihi ya Kiswahili tangu zamani. Waliokosa kutajwa ni wale ambao sanaa yao iliandikwa na mgeni aliyekuwa akipita njia.

7.0 Siti binti Saad: jina, sura na sauti

Mfano unaoonyesha viungo vyote vikikutana ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya kimaskini yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911 na kujifunza kuimba pamoja na wapiga ala. Taarabu ilikuwa imeingia katika kasri la Zanzibar wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, na chama cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimeundwa mwaka 1905. Lakini taarabu hiyo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Mji uliochapa hati za Kiarabu juu ya jiwe, na ambao baadaye ungechapa upya picha ya mchezesha nyoka, ndio uliohifadhi sauti ya Kiswahili juu ya santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Sura yake ipo katika picha za kamera. Maisha yake yapo katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Jina lake lilikuwapo kwenye santuri zenyewe.

Tunaomba msomaji aliangalie jina hilo. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa anakumbukwa kwa jina la heshima, Siti, yaani bibi mtukufu. Kama mkusanyaji angeandika jina la utotoni peke yake, angekuwa ameandika kweli na kumdhulumu mtu. Hali kadhalika María Felicia García alijulikana kwa jina la Malibran. Jina la msanii ni lile analojiita na analotaka kuitwa.

8.0 Kazi iliyo mbele yetu

Tumefika mahali ambapo suala hili linakuwa letu kabisa. Katika Fizi na Baraka nyimbo zinaimbwa kwa Kibembe, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za jirani: katika arusi, matanga, kanisani, ziwani usiku wakati wa uvuvi. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatawanya watu. Wengi walivuka ziwa hadi mkoa wa Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Waimbaji walikimbia kama watu wengine, na daftari, kaseti na picha zilibaki nyuma au zikaungua.

Leo mwanafunzi ana simu inayonasa sura na sauti kwa pamoja, jambo ambalo Grévedon na Kriehuber hawakuliota. Anarudi kutoka kijijini na mafaili ishirini ya video. Je, majina ya mafaili hayo ni yapi? Mara nyingi ni tarakimu zilizowekwa na simu yenyewe. Baada ya miaka michache mwanafunzi amehitimu, simu imeharibika au imeuzwa, na faili lililonakiliwa mahali linamwonyesha mama mmoja akiimba, asijulikane ni nani. Tumepata sura na sauti, tumekosa mstari wa chini. Tumefanya kazi ya Hamburg kwa vyombo vya kisasa.

Tunapendekeza kwamba kila rekodi iwe na maandishi yafuatayo, yatamkwe mwanzoni mwa rekodi na yaandikwe pia katika daftari:

(i) jina la mwimbaji, lile analotaka kutajwa kwalo;
(ii) mahali alipozaliwa, na mahali alipoimbia kama ni tofauti;
(iii) siku, mwezi na mwaka;
(iv) lugha ya wimbo, aina yake na tukio lililousababisha;
(v) aliyemfundisha wimbo huo, kama anamkumbuka;
(vi) jina la aliyerekodi;
(vii) ruhusa ya mwimbaji: nani anaweza kuusikiliza, na mpaka wapi.

Kuhusu kipengele cha kwanza, mwanaisimu ana neno la kuongeza. Tahajia ya majina iwe moja. Wafaransa wa karne ya 19 waliandika Oudjidji, sisi tunaandika Ujiji. Mahali pamoja paliweza kuonekana pawili katika faharasa, na yaweza kutokea vivyo hivyo kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa leo kwa kufuata Kifaransa na kesho kwa kufuata Kiswahili. Mwenye jina aulizwe jinsi analoliandika. Kama haandiki, litumike umbo moja na lidumishwe.

Kuhusu kipengele cha mwisho, kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza ni kwamba si kila wimbo ni wa hadhara. Chama cha bwami, kinachojulikana miongoni mwa Wabembe na jirani zao Walega, kina nyimbo na semi ambazo si za kila sikio. Ya pili ni kwamba katika nchi iliyopitiwa na vita, jina la mtu karibu na wimbo fulani laweza kumletea hatari. Pingamizi hizi ni za kweli, wala hatuzipuuzi. Lakini kuficha jina kwa sababu mwenyewe ameomba si sawa na kulipoteza kwa uzembe. Jina lililofichwa huandikwa, hufungwa na kutunzwa mahali salama, lililopotea halirudi. Tusisahau kwamba amri ya 1817 iliyotuhifadhia picha za Paris ilikusudiwa kuwachunga wachapaji. Orodha ileile inayohifadhi inaweza pia kuwindia. Ndiyo maana ruhusa inaandikwa pamoja na jina, wala si baada yake.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba chapa za mawe za waimbaji wa opera zina funzo kwa mkusanyaji wa nyimbo wa Kivu Kusini. Jiwe liliwapa waimbaji sura, lakini sura hizo zinatofautiana, na ni maandishi yaliyozifanya ziwe za mtu mmoja. Picha ya Hamburg ilipotengwa na habari zake, iliendelea kuishi kama mamba muntu, na mwanamke mwenyewe akasahauliwa. Mwana Kupona alijiandika ndani ya utenzi wake, na anajulikana mpaka leo; waliowavusha Burton na Speke mbele ya Ubwari katika mwaka uleule hawakuandikwa, na hatuna njia ya kuwaita.

Wanafunzi watakaokwenda kukusanya nyimbo likizo ijayo wana vyombo bora kuliko vya wote tuliowataja. Kilichobaki ni jambo lisilogharimu chochote. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, mwulize mama au baba aliye mbele yako: jina lako tuliandikeje?